Ilani ya maji ya kupozea katika gari la haibridi: ni chupa ipi, na maji yamekwenda wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu, nakaa Malindi, na kila baada ya wiki moja huenda Mombasa na kurudi. Nina gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme, lililoagizwa kutoka nje likiwa limeshatumika. Mwezi uliopita, nilipofika Gede nikirudi nyumbani, ilitokea ilani kwenye dashibodi kwamba maji ya kupozea yamepungua. Fundi wa jirani aliongeza kiasi cha nusu lita ya maji ya kisima katika chupa moja kati ya mbili zilizomo chini ya boneti, na ilani ikazimika. Sasa, baada ya wiki mbili, imerudi. Mshale wa joto haujapanda hata mara moja, na sioni maji yakidondoka. Je, niendelee kuongeza tu, au kuna hatari? Na kwa nini gari moja lina chupa mbili?

Jibu: Mwalimu, nianze na lile la haraka. Usiende Mombasa na gari hilo wiki hii, na usiongeze tena maji ya kisima. Ndani ya mji unaweza kulitumia kidogo kwa masharti nitakayoyaeleza, ila kuna dalili moja ambayo ukiiona hata ndani ya mji hufai kuliwasha. Nitaifikia.

Swali lako la mwisho ndilo ufunguo wa yote, kwa hiyo nitalijibu kwanza. Gari la haibridi lina chupa mbili kwa sababu lina mizunguko miwili ya maji isiyokutana. Mmoja ni ule tunaoujua tangu zamani, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta na kurudi. Wa pili unapoza inverta, yaani kile kisanduku cha chuma chenye nyaya nene za rangi ya chungwa, kinachogeuza umeme wa betri kubwa uwe wa aina inayoweza kuzungusha mota, na kuurudisha kwenye betri unapokanyaga breki. Katika Toyota Prius ya kizazi cha tatu, kwa mfano, umeme ndani ya kisanduku hicho hufika hadi volti 650. Vipande vinavyoukatakata umeme huo hujiwasha na kujizima maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kujiwasha kunazaa joto. Injini hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa na nyuzi 85 hadi 95 za Selsiasi, lakini inverta hutaka maji yaliyo baridi zaidi, katika magari mengi chini ya nyuzi 65. Ndiyo maana haziwezi kutumia maji ya pamoja, na ndiyo maana zina pampu mbili na chupa mbili. Yako pia magari ya kuchomeka umeme yenye mzunguko wa tatu kwa ajili ya betri. Betri za Prius na Aqua zilizozoeleka hapa kwetu hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, hazina maji.

Sasa urudi kwenye mshale wako. Mshale ule hupima joto la maji ya injini peke yake. Ikiwa maji yanayopungua ni ya inverta, mshale utakaa katikati kwa utulivu huku kisanduku kile kikiungua, kwa sababu hauhusiani nacho kabisa. Na hata kama ni ya injini, haufai kuaminiwa maji yakishashuka sana: sensa ya joto imetengenezwa iguse maji, na ikibaki ndani ya hewa au mvuke inaweza kutoa kipimo cha chini kuliko joto lenyewe. Nimewaona madereva waangalifu, watu wasiopuuza jambo, wakiharibu injini huku wakiutazama mshale uliotulia. Kwa hiyo usemi wako kwamba haujapanda hata mara moja haunipi faraja ambayo wewe umeipata.

Hukunitajia aina ya gari, lakini maelezo yako yananionyesha mambo mawili. Prius na Aqua za miaka ile hazina mshale wa joto. Zina taa tu, na huonya juu ya joto wala si juu ya kiwango cha maji. Lako lina mshale, na lina sensa ndani ya chupa inayosoma kiwango. Pili, ilani ilizimika fundi alipoongeza maji, maana yake alitia katika chupa ile ile iliyokuwa ikilalamika. Angetia katika nyingine, ilani ingebaki. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, mwulize fundi alifungua chupa ipi, kisha ukitazame kitabu cha gari, au ufuate mpira wake wa maji kwa macho: ukiingia kwenye rejeta kubwa au kwenye injini, ni ya injini, ukienda kwenye kisanduku chenye nyaya za rangi ya chungwa, ni ya inverta. Soma pia maneno ya ilani yenyewe. Kwenye baadhi ya magari ya Kia na Hyundai, kama Niro na Ioniq, ilani hutaja wazi kwamba ni maji ya inverta yanayotakiwa, lakini mwenye gari husoma lile neno la maji tu, akakimbilia rejeta.

Tofauti si ndogo. Mzunguko wa injini katika magari ya kiasi hiki huchukua lita sita au saba, na ule wa inverta takriban lita mbili. Nusu lita ikipotea kwa injini ni upungufu wa kushughulikiwa. Ikipotea kwa inverta, robo ya maji yote imekwenda. Pampu ya inverta ni ndogo, inaendeshwa na umeme, na ikianza kumeza hewa badala ya maji haidumu. Kompyuta ya gari ikiona inverta inapata joto, hupunguza nguvu, na unaweza kujikuta unapanda mlima mdogo wa Kilifi gari likijivuta huku matatu zikikupita kwa kasi.

Nusu lita hiyo imekwenda wapi? Mizunguko hii imefungwa. Maji hayakaushwi na jua wala hayatumiki kama petroli. Safari mbili za Mombasa, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 480; gari zima halipaswi kupoteza hata kikombe kwa mwendo huo. Kwa hiyo yamepita mahali, nawe hujapaona kwa sababu mara nyingi uvujaji hutokea injini ikiwa ya moto na yenye presha, matone yakikauka juu ya chuma kabla hayajafika chini.

Usiku wa leo egesha gari mahali palipo sawa, na utandike boksi la kadibodi lililokunjuliwa chini ya boneti. Asubuhi utakuta matone, na hapa pwani karibu kila gari litaacha matone, kwa sababu hewa yetu ina unyevu mwingi na kiyoyozi huutoa kama maji. Maji ya kiyoyozi hayana rangi wala harufu, na ukiyasugua kati ya vidole ni maji tu. Maji ya kupozea, ambayo mafundi wanayaita kulanti, yana rangi, yana utelezi kama wa mafuta mepesi, na harufu yake ina utamu. Usiyaonje. Kiini chake ni ethilini glaikoli, nayo ni sumu inayoharibu figo, na utamu wake huvutia wanyama na watoto. Kwa mji wenye paka wengi kama wetu nakuomba sana, ukiona kidimbwi chake, ukimwagie maji mengi na kukisugua, na chupa iliyobaki uiweke juu mbali na mikono midogo.

Kisha fungua boneti gari likiwa limepoa tangu jana yake, uchukue tochi. Tafuta ukoko mweupe, wa waridi au wa kijani, kama chumvi iliyokauka pembeni mwa sufuria ya maji ya bahari. Penye ukoko huo ndipo maji yalipotokea. Tazama kwenye vibano vya mipira, kwenye maungio ya plastiki na alumini ya rejeta, na chini ya pampu ya maji, ambayo mara nyingi ina tundu dogo lililowekwa makusudi ili sili yake, yaani kizuizi cha mpira kinachozuia maji kutoka, ikichoka tundu hilo litoe tone badala ya kuficha. Mbele kabisa, chini, mara nyingi ndipo hukaa rejeta ya inverta, na hapo ndipo mawe ya barabara za vumbi hugonga. Hewa ya bahari nayo hula mapezi yake, yale mabati membamba ya kutawanyia joto: ukiyagusa kwa kidole yakabomoka kama mkate mkavu, rejeta hiyo haina maisha marefu. Ndani ya gari, inua zulia la upande wa abiria. Likiwa na unyevu wenye utelezi, au kioo cha mbele kikifanya ukungu wenye harufu tamu, kipasha joto kinavuja.

Ikiwa nje pote ni pakavu, ndipo ninapopata wasiwasi, kwa maana maji huenda yanaingia ndani ya injini. Hii ndiyo ile dalili niliyokuahidi. Asubuhi, injini inapowaka mara ya kwanza, je, gari linatikisika kwa nguvu kwa sekunde kadhaa, kana kwamba silinda moja imekataa kazi, kisha linatulia? Je, eksozi inatoa moshi mweupe mzito usiokwisha baada ya dakika chache? Maana yake usiku maji yamepenya ndani ya silinda, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi iliyokufa, yaani kile kizibo bapa kilichobanwa kati ya kichwa cha injini na kiwiliwili chake. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa mengi, pistoni huyagonga kama ukuta, na mkono wake unaweza kupinda. Gari lenye dalili hiyo lisiwashwe tena hata kwenda sokoni.

Injini ya lita 1.8 ya Prius ya kizazi cha tatu inajulikana sana kwa ugonjwa huu. Mara nyingi masizi huziba kipoza moshi, kifaa kinachorudisha sehemu ya moshi wa eksozi ndani ya injini baada ya kuupoza, na joto hukosa kugawanyika sawa. Hili nalitaja kwa sababu wengi wanaosoma hapa wana gari hilo. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa moja lililokuwa likifanya teksi hapa Malindi. Dereva alikuwa akiongeza maji kila Ijumaa kwa muda wa miezi mitatu, na kwa kuwa hakuona tone chini, aliamini ndiyo tabia ya gari. Nilipotoa plagi, tatu zilikuwa na rangi ya kahawia ya kawaida, na ya nne ilikuwa safi, nyeupe, inang'aa kama kijiko kilichotoka kuoshwa. Mvuke ulikuwa ukiisafisha kila asubuhi. Gasketi iliyopasuka ingeweza kubadilishwa mwezi wa kwanza. Kufikia mwezi wa tatu, mkono wa pistoni ulikuwa umeshapinda.

Fundi mwenye vifaa ana njia mbili za kukata shauri, nawe una haki ya kuzidai. Ya kwanza ni kupima kwa presha: pampu ya mkono hufungwa badala ya kifuniko, presha hupandishwa kufikia ile iliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, kisha huachwa kwa robo saa au zaidi. Mshale wa pampu ukishuka, pana mvujo, na kwa kawaida utajionyesha papo hapo. Ya pili ni ya kupima moshi wa injini ndani ya maji: hewa ya juu ya chupa huvutwa ipite katika dawa ya buluu, na ikigeuka njano, moshi unaingia kwenye maji, yaani gasketi imetoboka. Vipimo hivi vyote viwili havihitaji kufungua injini. Ikiwa fundi anataka kufungua injini bila kuvifanya, au anataka kukuuzia sensa mpya bila kutazama kama chupa imejaa, mtafute mwingine. Sensa huharibika, ni kweli, lakini hiyo hudhaniwa pale tu ilani inapowaka na chupa ikiwa imejaa hadi mstari wake.

Nije kwenye yale maji ya kisima, na hapa naomba uniwie radhi nikirefusha, kwani ndipo magari mengi ya pwani yanapoharibiwa kwa nia njema. Watu huniambia kwamba huku kwetu hakuna barafu, basi kulanti ya nini? Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya maji hayo, na kwetu ndiyo ndogo. Kazi kubwa ni dawa zilizomo ndani yake zinazozuia alumini kuliwa na kutu, na kuhifadhi sili za pampu. Maji ya visima vyetu vingi vya Malindi yana chumvi. Unaionja kwenye chai. Chumvi hiyo hutoboa alumini vitundu vidogo vidogo, na chokaa yake hujenga gamba katika njia nyembamba, kama lile unaloliona chini ya birika. Njia za maji ndani ya inverta ni nyembamba kuliko za injini. Gamba lisiloonekana kwenye rejeta kubwa linaweza kutosha kuifanya inverta ikose kupoa.

Ukikwama njiani, maji ya kunywa ya chupa ni afadhali kuliko ya kisima, na yaliyokenekwa ni bora kuliko yote. Yaliyokenekwa huuzwa kwenye vituo vya petroli kama maji ya betri, lakini soma kibandiko kwa makini, kwa sababu tindikali ya betri huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo katika vyombo vinavyofanana. Hayo ni ya kukufikisha nyumbani tu. Baada ya hapo mzunguko wote unamwagwa na kutiwa maji ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usifuate rangi. Ya Toyota ni ya waridi na ya Honda ni ya buluu, lakini kampuni nyingine hutia rangi yoyote ziipendayo, na kuchanganya aina zisizopatana kunaweza kuacha uji unaoziba njia. Yako pia magari yanayotaka, kwa mzunguko wa vifaa vya umeme, maji maalumu yasiyopitisha umeme kwa urahisi. Tazama kama kopo limeandikwa kuwa tayari kutumika au la kuchanganywa. Mengi ya kuchanganywa huenda nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, na kuyatia matupu si kuongeza nguvu, kwani bila maji hubeba joto vibaya zaidi.

Baada ya kutia maji mapya, hasa kwenye inverta, hewa lazima itolewe. Njia rahisi ya kujua pampu inafanya kazi ni kufungua kifuniko cha chupa ya inverta gari likiwa baridi, kumwambia mtu awashe gari hadi taa ya kuonyesha liko tayari, na kutazama uso wa maji kwa tochi. Katika magari mengi utaona yakicheza na kuzunguka. Yakiwa yametulia kama ya mtungi, pampu haifanyi kazi au imejaa hewa. Pampu hizi zimewahi kuwa na kasoro hata kutoka kiwandani: mwaka 2012 Toyota iliyaita tena magari ya Prius ya kizazi cha pili kwa sababu hiyo. Wakati wa kutazama, mikono, leso na mtandio viwe mbali na feni, na usiguse nyaya za rangi ya chungwa.

Jambo hilo la taa ya tayari ni la uhai. Gari la haibridi likiwa kimya halimaanishi limezimwa. Injini inaweza kujiwasha yenyewe mkono wako ukiwa kwenye feni. Kabla ya kufungua boneti, bonyeza kitufe cha kuzima, hakikisha dashibodi imezimika, na uweke ufunguo mbali na gari. Kifuniko cha chupa au cha rejeta kisifunguliwe moto hata kidogo. Ngoja walau dakika 45, weka kitambaa kinene, ukifungue kidogo kwanza presha itoke.

Ilani ikitokea ukiwa njiani, tazama rangi yake. Ikiwa ni ya manjano na gari halijabadilika, zima kiyoyozi, punguza mwendo, na usimame mahali salama pa kwanza, uangalie chupa ikipoa. Kuzima kiyoyozi kunasaidia pande zote mbili, kwa sababu katika haibridi nyingi nacho huendeshwa na umeme. Ikiwa ni nyekundu, au nguvu zimepungua, simama hapo hapo na uzime. Ule ujanja wa kufungua hewa ya moto ndani ya gari husaidia injini ikiwa bado ina maji, lakini kwa inverta haufanyi kitu. Na usikubali kuvutwa kwa kamba. Magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka, mota huzalisha umeme na kuupeleka kwenye inverta ile ile isiyo na maji. Liagizie gari la kubeba, hata kama ni ghali kutoka Gede hadi nyumbani kwako.

Hadi utakapopata kipimo cha presha, masharti yangu ni haya. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama chupa zote mbili na uandike kwenye daftari kiwango na kilomita. Ikiwa inayopungua ni ya injini, haitikisiki asubuhi, na upungufu ni wa polepole, endesha mjini tu. Ikiwa ni ya inverta, liache nyumbani. Na ikiwa inatikisika, nimeshasema.

Niandikie ukishajua ni chupa ipi, maji yaliyomo yana rangi gani baada ya kuchanganywa na ya kisima, na boksi limeonyesha nini. Ukinitajia na aina ya gari na mwaka wake, nitakuambia ni sehemu gani fundi aifungue kwanza.